Mafuta Meusi na Saa Zake

Nyinyi vijana mnaouza mafuta ya uturi kwa simu mna kazi ngumu kuliko niliyokuwa nayo mimi, na sidhani kama kuna aliyewaambia. Nilisimama nyuma ya meza ya duka la uturi Ndia Kuu kwa miaka thelathini na mmoja. Mteja alikuja na pua yake. Nilimpaka tone moja mkononi, akanusa, akakubali au akakataa, na maneno yangu hayakuwa na uzito mkubwa. Mteja wenu nyinyi yuko Malindi au Voi, na alichonacho ni picha ya kichupa na yale mliyoandika chini yake. Nami nasoma mnayoandika: "Yananukia vizuri mno. Yanadumu. Ya kifalme." Mtu akishasoma hayo amejua nini? Hajui kama ataletewa mawaridi au ngozi ya mbuzi.

Nawaandikia kwa sababu iliwahi kunipasa kuuza mafuta kwa maneno peke yake, kwa mtu asiyeruhusiwa kuyagusa wala kuyanusa. Nilifanya makosa mawili katika kazi hiyo. Moja lilikuwa la uvivu na jingine la ulimi.

Naitwa Raheli, kwetu ni Rabai. Nilisoma mpaka darasa la saba, nikafanya kazi za nyumbani hapa na pale, kisha nikaja kukaa na shangazi yangu Buxton. Jirani yake ndiye aliyesikia kwamba kuna duka la uturi Mji wa Kale linalotaka mwanamke wa kuhudumia wanawake. Mwenye duka alikuwa Mzee Salim, ambaye mtaa mzima ulimwita Ami. Siku ya kwanza alinipaka tone juu ya mkono akaniuliza, "Yanukia nini?"

"Yananukia vizuri," nikasema.

"Hata pilau yanukia vizuri. Nakuuliza, yanukia nini?"

Akanipa daftari la shule na kalamu, akanikataza maneno matatu: vizuri, tamu na kali. Kila mafuta yaliyoingia dukani niliyavaa, nikaandika, kisha nikamsomea. Macho yake hayakuwa na nguvu tena, kwa hiyo alisikiliza akiwa ameyafumba, na nikipatia alisema "Ehe" na kuendelea kuhesabu tasbihi yake. Nikikosea alisema, "Hayo ni maneno ya mtu aliyeambiwa." Maana yake sikunusa mwenyewe, nilikuwa nimesikia wateja wakisema.

Mambo mengine nilijifunza kwa aibu. Wiki ya kwanza nilinusa vichupa kumi na viwili kwa mfululizo, moja kwa moja mdomoni mwa chupa, nikamwambia shangazi ya bibi harusi mmoja kwamba sandali ile inafanana na mafuta ya taa. Yule bibi akanitazama, akasema, "Basi nitilie lita nikawashie jiko." Ami alicheka mpaka akakohoa. Tangu siku hiyo sikunusa zaidi ya manne kwa asubuhi moja, na kati ya moja na jingine nilinusa mkono wa nguo yangu. Watu husifu kunusa kahawa ili kuipumzisha pua. Mimi sikuona faida yake. Kahawa nayo ni harufu. Nguo yako pua imekwisha kuizoea, na hapo ndipo inapopumzika.

Nilijifunza pia kutosugua. Ukishapaka, acha mafuta yakae. Mnaosugua viganja mnayapasha moto kabla ya wakati wake, kama mtu anayefunua wali kila dakika. Pakeni upande wa ndani wa mkono wa kushoto, penye ngozi laini, baada ya kuoga kwa sabuni isiyo na harufu. Halafu muwe na subira, kwa kuwa mafuta mazuri hayana harufu moja. Yana saa zake. Hili nililijua kwa kichwa muda mrefu kabla ya kulijua kwa kweli.

Yaliyonifunza yalikuwa mafuta meusi ambayo Ami alimchanganyia mteja mmoja tu, Bwana Hamadi, karani mstaafu wa bandari aliyekaa katika kichochoro nyuma ya duka letu. Hayakuwa na jina. Rangi yake ilikuwa ya asali ya tende, na ukiinua kichupa penye mwanga uliona wekundu wa zambarau pembezoni. Yalikuwa mazito, tone lilining'inia kwenye kijiti cha kioo kana kwamba halijaamua. Katika mwaka wangu wa tatu Ami aliniruhusu kuyavaa. Nilipaka saa mbili asubuhi nikaandika hivi:

"Mwanzo: zambarau mbivu zilizopondwa pamoja na kokwa zake. Mdomo unahisi ukavu, kama baada ya kula zambarau nyingi. Baada ya saa moja: mabibo ya mkorosho yaliyoanguka jana, yameanza kuchacha. Baada ya saa nne: ukwaju uliochemshwa na sukari, ukashika kidogo chini ya sufuria."

Nilipofika kwenye mabibo Ami alifumbua macho. "Mrabai wewe! Waniingizia mabibo kwenye uturi wa watu?"

"Ndiyo ninayoyasikia, Ami."

Akajipaka mwenyewe, akangoja saa nzima. "Yapo," akasema. "Yaache."

Nilifurahi mno kwa neno hilo. Saa nane mchana niliosha mikono nikakanda unga wa chapati, na kwenye daftari nikaandika: "Saa nane, nimeosha mikono." Nikafunga ukurasa. Nilijiambia nimekwisha kuyajua. Huo ndio uvivu niliowatajia, nao ulilala kwenye daftari hilo zaidi ya miaka ishirini bila mimi kuuona.

Ami alikufa. Hakuacha kipimo hata kimoja kilichoandikwa. Alikuwa akisema kichwa chake ndicho daftari. Kabla hajafa alikuwa amemchanganyia Bwana Hamadi chupa kubwa, na Bwana Hamadi akaitumia kwa uangalifu. Miaka miwili baadaye naye akafa.

Kiasi cha mwezi mmoja baada ya mazishi binti yake, Nuru, alikuja dukani akasema mama yake ananiita. Mama yake ni Bi Zena. Nilifunga mahesabu yangu, nikaenda vile nilivyokuwa. Nilipofika mlangoni Nuru alirudi nyuma kama aliyechomwa.

"Dada Raheli, umejipaka!"

Nilitazama mkono wangu. Muuzaji wa uturi hujipaka asubuhi kama fundi anavyoshika nyundo. Nilikuwa nimesahau kabisa. Ndani alikuwamo kizuka, mjane anayekaa eda, miezi minne na siku kumi bila pambo wala manukato, nami nimesimama kizingitini nikinukia yasmini kama mgeni wa harusi.

"Niwie radhi," nikasema. "Nitarudi kesho."

"Rudi na nguo nyingine pia," Nuru akasema. "Hata buibui lako lanukia duka zima." Mimi sivai buibui. Alikuwa amechanganyikiwa kama mimi.

Siku ya pili niliazima nguo ya shangazi, nikaoga kwa sabuni ya kipande, nikaenda. Bi Zena alikuwa amekaa juu ya godoro, amevaa nguo nyeupe zisizo na ua, mgongo umenyooka.

"Shikamoo, Bi Zena. Pole kwa msiba."

"Marahaba, mwanangu. Nishapoa. Wajua nimekuitia nini?"

"Nuru aliniambia ni mafuta ya marehemu."

"Yamekwisha. Yaliyobaki walimpaka walipomwosha, na ndivyo ilivyopasa. Nguo zake tumezitoa sadaka, zimefuliwa zote. Sina hata kitambaa cha kunusa. Nami siku ya kutoka eda nataka nipakwe hayo. Miaka thelathini nimempaka mimi kwa mkono wangu. Siku hiyo nataka nipakwe mimi."

"Nitajaribu kuyachanganya, nikuletee unuse."

"Huniletei kitu. Manukato hayaingii chumba hiki mpaka siku yangu. Kuna watakaokwambia kunusa si kujipaka. Mimi sitafuti mwanya." Akanyoosha kidole kwenye kikapu changu. "Ami alikuwa akikusifu kwa daftari. Nisomee."

Nilielewa wakati huohuo uzito wa alichoniomba. Mafuta kama yale yakishachanganywa hukaa wiki tatu au zaidi ndipo yashikane. Asubuhi ya kutoka eda hapangekuwa na nafasi ya kurekebisha tone. Nilimwambia hivyo.

"Najua," akasema. "Ndiyo maana nataka tupatie sasa. Nikipakwa harufu ya mtu mwingine siku ile, nitakuwa nimetoka eda ya mtu mwingine."

Nikafungua daftari. "Zambarau mbivu zilizopondwa pamoja na kokwa zake."

"Mbivu zote?"

"Niliandika mbivu."

"La. Mna moja mbili ambazo bado. Zile zinazogwaruza ulimi. Endelea."

"Mabibo yaliyoanguka jana."

Nuru akacheka pembeni. "Mama, mabibo!"

"Nyamaza." Bi Zena alikuwa amefumba macho. "Yapo. Miaka yote hiyo nilidhani hiyo ni harufu yake mwenyewe."

Tulikwenda neno kwa neno kama saa nzima. Ukwaju aliukubali bila kubadilisha. Nilipoinuka alinishika mkono. "Raheli. Mafuta haya ni ya nyumba hii. Asiyapate mtu mwingine yeyote. Umenisikia?"

"Nimesikia, Bi Zena. Hatayapata."

Hilo ndilo kosa la ulimi. Niliitikia upesi, kama sisi wauzaji tunavyoitikia mteja anapotaka kitu kiwe chake peke yake. Sikuuliza "mtu mwingine" ni nani, na sababu ya kutouliza ni kwamba nilimjua. Bwana Hamadi alikuwa na mke wa pili, Bi Rukia, aliyekaa Tononoka. Wake hao wawili hawakuwa wamesemezana kwa miaka kumi na tisa.

Nikaanza kuchanganya. Sandali ilikuwepo, udi mkongwe ulikuwepo, na kwenye rafu ya Ami palibaki robo chupa ya mafuta ya matunda meusi aliyokuwa akiyaagiza India. Nilipunguza utamu mpaka zile zambarau moja mbili mbichi zikatokea. Nilihesabu kila tone na kuliandika. Mwisho nikatia miski, kwa sababu karibu kila mafuta ya wanaume pale dukani yaliishia kwa miski. Mwonavyo, hapo nilikuwa nabahatisha, na nilikuwa najua.

Nikayavaa kuyajaribu, hata kabla hayajashikana. Asubuhi nilitaka kulia: zambarau zilikuwa pale, mabibo yalikuja kwa wakati wake, ukwaju ukashika chini ya sufuria. Safari hii sikuosha mikono. Saa kumi na moja jioni mafuta yakaanza kulegea. Baada ya magharibi yalikuwa sukari tupu, kama peremende iliyosahauliwa mfukoni. Ami asingemwuzia hata mtalii mafuta yanayokufa hivyo. Nikafungua daftari kutafuta mwisho wake wa kweli, nikakuta maneno yangu mwenyewe: "Saa nane, nimeosha mikono."

Nikarudi kwa Bi Zena. "Niambie yalivyokuwa jioni. Mwisho wake."

"Mwisho gani?" Alishangaa kweli. "Akitoka kuoga alipakwa. Akirudi adhuhuri alipakwa tena. Alasiri, kabla hajatoka, tena, na akilala kwangu, usiku pia. Chupa ilikuwa kwangu, haikuvuka mlango huu hata siku moja. Hayakuwa na mwisho."

Nuru alinisindikiza mpaka chini ya ngazi. Alitazama juu kwanza, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Siku za zamu ya kule, baba alitoka hapa baada ya alasiri, akakaa barazani na wenzake mpaka usiku, akalala huko, akarudi asubuhi kuoga na kupakwa. Huko hapakuwa na chupa."

"Unaniambia niende Tononoka?"

"Mimi sijakwambia kitu, Dada Raheli. Nimekuaga tu."

Siku tatu sikwenda. Nilijaribu kuutafuta mwisho kwa akili: ambari, kisha udi zaidi, kisha kungumanga. Kila jioni nilipata mafuta mengine ya mtu mwingine. Siku ya nne nikaazima tena nguo ya shangazi.

Bi Rukia ni fundi cherehani wa sare za shule. Naye alikuwa anakaa eda, amevaa nguo nyeupe kama za mwenzake, cherehani iko mbele yake na kaptura za khaki zimepangwa kando. Nilimweleza mimi ni nani.

"Nyumba kubwa wamekutuma?"

"Hawakunituma. Nimekuja mwenyewe, wala hawajui."

"Basi umekuja kuiba," akasema. "Karibu kiti, mwizi. Wataka nini?"

Nikamsomea daftari. Alisikiliza mpaka kwenye ukwaju, kisha akaacha kushona. "Zambarau? Mume wangu na zambarau wapi na wapi! Mabibo! Dada, umekosea nyumba au umekosea maiti."

"Kwako alikuwa akinukiaje?"

Alikata uzi kwa meno. "Wajua mkoba wa ngozi wa zamani? Utie tende humo, zikae, kisha zote ziliwe, ubaki mkoba. Hivyo. Na chini yake udongo. Udongo wa shamba ulionyeshewa, si wa barabarani."

Nikaandika kila neno kama alivyolisema. Katika miaka yote ya kazi sikuwahi kusikia mtu asiyefunzwa akieleza namna hiyo, na nyinyi mnaonisoma mzingatie: hakusema vizuri, wala tamu, wala kali. Alisema kitu unachoweza kukishika.

Akainuka, akafungua sanduku, akatoa kofia iliyoshonwa kwa mkono, imefungwa kwenye karatasi. "Alikuwa akiitundika hapo mlangoni. Sikuifua."

Niliigeuza, nikanusa utepe wa ndani. Zambarau hazikuwemo kabisa. Palikuwa na ngozi, moshi mdogo, tende kwa mbali. Na chini yake kitu kilichonipeleka Rabai moja kwa moja, kwenye palizi, jembe likikata mizizi ya ndago. Ndago ni magugu, kila mkulima anayalaani. Lakini vifundo vyake vikipasuliwa hutoa harufu ya udongo na moshi, na Wahindi huikamua mafuta. Dukani tulikuwa na chupa yake kwenye rafu ya chini kabisa, ina karatasi ya Kigujarati. Nilikuwa nimeifuta vumbi mwaka baada ya mwaka na sikuwahi kuuza hata tone. Sikujua Ami aliitumia wapi.

"Umekipata?" Bi Rukia akauliza.

"Nimekipata."

"Siku yangu ya kutoka ni ileile yake. Mume mmoja, siku moja. Nitilie kidogo na mimi. Kidogo tu."

Nikafunga daftari. Alinitazama, akaelewa.

"Umekatazwa."

"Niliahidi, Bi Rukia. Kabla sijajua."

"Basi usiongeze uongo juu yake." Akaichukua kofia, lakini badala ya kuifunga akanirudishia. "Nusa tena, usije ukakosea. Kisha uende zako."

Nimefanya kazi na wateja wengi wakarimu. Huyo ndiye aliyenishinda, kwa sababu alinipa bila sharti kitu ambacho nilikuwa nakwenda kumnyima.

Nikaondoa miski, nikatia ndago, matone machache mno. Ndago ni jeuri, ikizidi inafunika kila kitu. Nikayaacha yalale. Baada ya wiki tatu niliyavaa siku nzima, na magharibi ilipoingia ukaja mkoba wa tende. Nikavaa siku ya pili ili niwe na hakika. Kazi ilikuwa imekamilika, na nilikuwa sina raha. Ningeweza kupeleka chupa moja kwa Bi Zena na kunyamaza. Ningeweza pia kumpelekea Bi Rukia kichupa kwa siri. Harufu haina mhuri, nani angejua? Nilifikiri njia zote mbili, nikaona zote zinanitaka niseme uongo kuhusu mafuta, na hilo sikuwahi kulifanya hata kwa mteja wa kupita.

Siku tano kabla ya siku yao nilikwenda kwa Bi Zena na daftari. Nikamsomea tangu mwanzo. Nilipofika kwenye mkoba wa ngozi na tende alifumbua macho.

"Hayo ni maneno yako?"

"La, Bi Zena."

"Ni ya nani?"

"Ya Tononoka."

Nuru aliyekuwa anakunja nguo akaacha kukunja. Bi Zena hakupaza sauti. "Nilikwambia asiyapate mtu."

"Uliniambia."

"Nawe ukaenda."

"Nilikwenda kwa sababu mwisho wake nilikuwa siujui, na wewe pia ulikuwa huujui. Alinionyesha kofia yake. Bila hiyo ningekuletea nusu, na jioni ya siku yako yangekugeukia mkononi. Aliniomba kidogo. Sikumpa, wala sikumkatalia. Nimekuja kukuambia siwezi kuitimiza ahadi ile mpaka uisikie ilivyo."

Nje mtu alikuwa akiuza kaimati, akapita, sauti ikaishia pembeni mwa kichochoro.

"Umeniweka pabaya, Raheli," akasema.

"Najua."

"Soma tena hapo kwenye mkoba."

Nikasoma.

"Polepole."

Nikasoma neno moja moja: mkoba, tende zilizokwisha kuliwa, udongo wa shamba ulionyeshewa. Midomo yake ilikuwa ikinifuata. Nilipomaliza alijifuta uso kwa ncha ya mtandio, akakaa vile alivyokuwa, mgongo wima.

"Tia vichupa viwili," akasema. "Cha kwake kipeleke mapema, kabla ya changu. Na umsomee mwanzo wote, zambarau na hayo mabibo yako. Yeye mwanzo haujui. Akijipaka bila kuambiwa atadhani nimempelekea kitu kingine makusudi."

Asubuhi ya siku ile nilikuwa Tononoka saa moja. Bi Rukia alikuwa amekwisha kuoga, dada zake wamemzunguka. Nikamsomea. Kisha nikampaka tone moja mkono wa kushoto, naye akaunusa, na uso wake ukawa kama wa mtu aliyefunguliwa mlango na mgeni.

"Huyu simjui," akasema.

"Ni yeye wa asubuhi. Usisugue. Ngoja."

Akanusa tena, safari hii kwa muda mrefu, na nilipotoka alikuwa bado ameuweka mkono usoni.

Bi Zena nilimpaka saa tatu. Yeye hakuhitaji kuambiwa. Tone lilipogusa ngozi alisema jina la mumewe, mara moja tu. Niliwaacha wanawake waliokuwepo na dua yao na udi wao, nikarudi kufungua duka.

Yaliyofuata nilisimuliwa na Nuru. Baada ya adhuhuri jamaa walitaka kumpaka mama yake tena, maana wageni wapya walikuwa wakiingia. Akakataa. Baada ya alasiri shangazi mmoja alishika kichupa akamwendea, "Lete mkono, Zena, yamekwisha kukauka hayo."

Bi Zena akauvuta mkono wake kifuani, akaufunika kwa mtandio.

"Niacheni mpaka magharibi," akasema. "Hayajafika."